Unaanza Carnatic kwa video za bure? Anza na Sa yako

Kama ndo unaanza Carnatic, ule muziki wa India kusini, na huna mwalimu wala hela ya ada, usihofu, vya bure vipo tele. Tena vimezidi, ndo maana watu wanarukaruka, leo video hii kesho ile, mwezi unaisha hata Sa, ile noti ya msingi, hawajaishika.

Kabla ya video yoyote weka programu ya tambura, ala ya nyuzi inayolia mlio uleule bila kukatika, kwenye simu, zipo za bure, iache inalia Sa na Pa (noti ya tano kutoka Sa) muda wote ukiimba. Sa haijafungwa sehemu moja kama C ya kinanda, unaiweka pale sauti yako inaposhuka na kupanda bila kukaza shingo, wanaume wengi wanaangukia karibu na C au D, wanawake karibu na G. Sasa ukiimba kwa Sa ya mwalimu wa kwenye video wakati siyo yako utaumia koo bure, msikilize, simamisha, imba kwa yako.

Masomo ya kwanza ni sarali varisai, mazoezi ya kupanda na kushuka noti, mpangilio unaosemwa ni wa mtunzi Purandara Dasa, karne ya 16 huko, na Chennai, mji wa India kusini, mpaka leo watoto wanaanza na hayohayo kwenye raga (ngazi ya noti na mwendo wake) iitwayo Mayamalavagowla. Mliokulia kwenye taarab mtashtuka, ngazi yake ni ileile ya Hijazkar, maqam ya Kiarabu! Ila msianze kuzipamba noti, kwenye sarali zinaimbwa zimenyooka, mitikisiko wanayoita gamaka inakuja baadaye.

Mkono nao ufanye kazi. Adi tala, mzunguko wa mapigo unaohesabiwa kwa mkono, ina mapigo 8: kofi pajani, gusisha kidole kidogo, cha pete, cha kati, halafu kofi, geuza kiganja, kofi, geuza. Kila somo liimbe kwa kasi tatu, ya pili mara mbili ya kwanza, ya tatu mara nne, na mkono ubaki na mwendo uleule. Hapa ndo wengi wanajidanganya, sauti ikikimbia na mkono unakimbia, na video haikusikii ikakwambia. Jirekodi kwa simu, sikiliza kesho yake asubuhi, utajua tu.

Mwalimu chagua mmoja mwenye mfululizo mzima, sarali, janta (noti zinazorudiwa mbilimbili), alankara (mazoezi ya noti kwenye tala mbalimbali) mpaka gitam (nyimbo fupi rahisi), maana wimbo mmoja unaweza kuukuta umeimbwa tofauti kulingana na mtu alikofundishwa, wote wapo sahihi ila wewe utachanganyikiwa. Ukifika gitam za raga Malahari, hapo tafuta mtu wa kukusikiliza, hata nusu saa kwa mwezi kwa simu.