Maswali ya Wasomaji: Majeruhi Yuko Porini, Hospitali Iko Mbali

Barua za toleo hili zimetoka kwa viongozi wa safari za miguu na wafanyakazi wa kambi za vijana. Karibu zote zinagusa jambo moja: ukishafunga bendeji na msaada bado uko mbali kwa saa kadhaa, kazi yako ni ipi?

Nina cheti cha huduma ya kwanza nilichopewa kazini baada ya kozi ya siku moja. Sasa nimeombwa kuongoza vijana 12 kwenye matembezi ya siku tatu. Cheti changu kinatosha?
*Kiongozi mpya*

Hakitoshi, ingawa ulichojifunza hakijapotea bure. Kozi ya kazini inakufundisha ukijua kwamba gari la wagonjwa liko njiani: unazuia damu, unafungua njia ya hewa, unabonyeza kifua, unakabidhi. Kozi ya porini inahusu mahali ambapo hospitali iko zaidi ya saa moja. Huko utakesha na mgonjwa, utamsafisha kidonda, utamsaidia kwenda haja, kisha utaamua kama arudishwe usiku huu, asubuhi, au aendelee na safari. Uamuzi huo ndio mgumu kuliko kufunga bendeji yoyote.

Kozi ya msingi ya porini huchukua saa 16 hadi 20, kwa kawaida siku mbili. Ile ya viongozi wa safari ndefu huchukua saa 70 hadi 80. Kama njia yenu haiachani sana na barabara, ya msingi inafaa. Kama mtakuwa mwendo wa siku nzima kutoka barabarani, tunashauri ndefu. Kabla ya kulipa ada, muulize mkufunzi ni muda gani unatumika nje kwa mazoezi ya kuigiza ajali. Ukiwa chini ya nusu, tafuta kozi nyingine. Vyeti vingi hudumu miaka miwili au mitatu, lakini mikono husahau mapema zaidi. Ustadi wa kubonyeza kifua huanza kufifia ndani ya miezi michache, kwa hiyo pangeni zoezi kabla ya kila msimu wa kambi.

Katika zoezi letu mtu "aliporomoka" mwambani. Sote tulikimbilia mguu uliopakwa damu ya kuigiza. Mkufunzi akasema mgonjwa wetu angeshakufa. Tulikosea wapi?
*Wafanyakazi wa kambi ya vijana*

Mlivutwa na kilichoonekana. Damu inayochuruzika au inayolowesha nguo kwa kasi ni kweli inatangulia mambo yote. Damu iliyokwisha kuganda kwenye goti inasubiri.

Kituo cha kwanza ni hatua kadhaa kabla ya kumfikia. Kilichomwangusha kinaweza kuwaangusha na nyinyi: mawe yanayoporomoka, maji, nyuki, radi. Hesabuni majeruhi, kwa sababu anayepiga kelele mara nyingi humficha aliyenyamaza. Vaeni glovu, kisha mfikieni kwa upande anaotazama ili asigeuze shingo kuwaangalia, na mwambieni asitikise kichwa. Mmoja aongoze, mmoja ashike kichwa, mmoja aandike. Watu watatu wakiongoza kwa pamoja, hakuna anayeongoza.

Anayeongoza apitishe mikono chini ya nguo, mgongoni, kinenani na nyuma ya mapaja, kila mara akiitazama glovu kama imepata damu. Damu inayotoka kwa kasi ikandamizwe hapo hapo. Halafu njia ya hewa: anaongea vizuri, au anakoroma na kugugumia? Kisha kifua: kinapanda pande zote mbili? Kisha mapigo. Mnapomgeuza ili kukagua mgongo, sukumeni godoro jembamba chini yake. Hatua hii husahaulika karibu kila zoezi, na ardhi inanyonya joto la mtu hata siku isiyo ya baridi.

Hatari za papo hapo zikishatulia, ndipo ukaguzi kutoka kichwani hadi vidoleni, mikono ikigusa ngozi, pamoja na maswali: anajisikiaje, ana mzio gani, anatumia dawa zipi, ana ugonjwa gani wa zamani, mara ya mwisho alikula, kunywa na kwenda haja lini, na nini hasa kilitokea. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika na pumzi 12 hadi 20. Namba moja peke yake haisemi mengi. Pima ufahamu, mapigo, pumzi, na rangi, joto na unyevu wa ngozi. Rudia kila dakika 15 kwa mgonjwa aliyetulia, na kila dakika 5 kwa yule anayekutia wasiwasi, ukiandika na saa. Mapigo yakienda 88, halafu 104, halafu 120, ngozi ikizidi kupauka na kuwa na jasho baridi, huenda anavuja damu ndani hata kama nje hamuoni tone. Asiyeandika hauoni mwelekeo huo mpaka umechelewa.

Tunasafishia vidonda spiriti. Msaidizi mpya anasema maji yanatosha. Nani yuko sahihi?
*Mtunza sanduku la dawa*

Msaidizi. Spiriti, iodini isiyozimuliwa na haidrojeni peroksaidi huumiza nyama hai ndani ya kidonda. Kinachoondoa vijidudu ni wingi wa maji na nguvu yake. Tumia maji ambayo ungeyanywa, walau lita moja kwa kidonda kichafu, ukiyasukuma kwa sirinji ya mililita 20 kwa pembeni ili uchafu utoke badala ya kuingia. Bila sirinji, jaza maji kwenye mfuko safi wa plastiki, utoboe tundu dogo na uukamue. Changarawe zilizobaki zitoe kwa kibano kilichochemshwa.

Anza kuosha baada ya damu kukoma. Kandamiza dakika 10 mfululizo, na usifunue kila mara kuchungulia, maana ndivyo damu iliyoanza kuganda inavyobanduliwa. Kidonda kilichotoa damu ya kutisha usikifungue tena ili kukiosha. Mpeleke mgonjwa na bendeji yake. Na kidonda cha kuumwa na mnyama kisibanwe kwa plasta hata baada ya kuoshwa. Kiache wazi chini ya shashi na mpeleke hospitali.

Mtoto mmoja ana mzio wa karanga, na wazazi wameleta sindano mbili za adrenalini. Tuzifungie ofisini? Na akipatwa, tuanze na vidonge vya mzio?
*Mpishi wa kambi*

Zisifungiwe. Ziende anakokwenda mtoto, zote mbili, mikononi mwa mtu mzima aliyefundishwa. Kazi ya vidonge ni kutuliza muwasho na vipele. Havifungui koo wala kupandisha shinikizo la damu, na dakika mnazosubiri vifanye kazi ndizo zinazoua.

Mchomeni akianza kupumua kwa shida au kwa mluzi, sauti ikikauka, ulimi ukivimba, akilegea au kuzimia, au vipele vikija pamoja na kutapika. Mahali ni upande wa nje wa paja, katikati, hata juu ya suruali. Sindano za kujichoma huwa na miligramu 0.15 kwa mtoto wa kilo 15 hadi 30, na 0.3 kwa aliyezidi hapo. Asipopata nafuu baada ya dakika 5, mpeni ya pili. Mlazeni miguu ikiwa juu, au akae amenyoosha miguu kama pumzi inamsumbua. Msimsimamishe wala kumtembeza hadi kwenye gari, kwa kuwa kusimama ghafla katika hali hiyo kunaweza kuusimamisha moyo. Hospitali ni lazima hata akipona kabisa, maana dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Dawa hii haipendi joto. Isizidi nyuzi 25, isigande, na isiachwe kwenye gari juani. Sheria ya nani anaruhusiwa kuchoma hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo ulizeni na mpate idhini ya wazazi kwa maandishi kabla kambi haijaanza.

Kijana alinyeshewa akawa anatetemeka. Tulimfunika mablanketi mawili lakini hakupata joto. Kwa nini?
*Msaidizi wa kiongozi*

Hamkumwekea kitu chini, na yaelekea nguo mbichi zilibaki mwilini. Mvueni akiwa mahali pasipo upepo na mvisheni nguo kavu. Tandikeni turubai, juu yake magodoro mawili, juu yake mfuko wa kulalia na mgonjwa ndani, kisha mfungeni na turubai pande zote, kichwa kikifunikwa na uso ukiachwa. Chupa za maji ya moto zivisheni soksi, mziweke kifuani na kwapani. Zikigusa ngozi tupu zitamuunguza, naye hatasikia.

Kutetemeka kwenyewe si kubaya, kwani ndivyo mwili unavyotengeneza joto, na kunahitaji sukari. Kama yuko macho kabisa na anashika kikombe mwenyewe, mpeni kinywaji cha moto chenye sukari na chakula. Kileo hapana. Ogopeni anapoacha kutetemeka hali bado ni baridi, akianza kuburuta maneno na kupepesuka. Hapo joto la mwili huenda limeshuka hadi nyuzi 32 au chini zaidi. Abebwe akiwa amelala, polepole, bila kusuguliwa mikono wala miguu. Mtikisiko unaweza kuuvuruga moyo uliopoa.

Kufunga kamba juu ya jeraha la nyoka bado kunafundishwa?
*Msomaji*

Hapana. Kuchanja, kunyonya na kuweka barafu pia hapana. Vueni pete, bangili na saa kabla ya uvimbe, tulizeni kiungo kwa banzi, wekeni alama ya kalamu mwisho wa uvimbe pamoja na saa, na mbebeni mgonjwa ikiwezekana. Msimfukuze nyoka.

Anayetumwa kuita msaada apewe nini?
*Kiongozi wa matembezi*

Apewe mwenzake kwanza. Mtu asitumwe peke yake. Kisha apewe karatasi, asitegemee kumbukumbu: umri na jinsia ya mgonjwa, kilichotokea, mlichokiona, vipimo pamoja na saa zake, mlichofanya, mnachohitaji, mko wangapi, mna vifaa gani, na mahali mlipo kwa namba za ramani na kwa alama inayoonekana. Andikeni pia kama mtabaki hapo au mtasogea, na mkishaandika kwamba mtabaki, msisogee. Mnapotegemea simu, kubalianeni kuiwasha kwa dakika 10 kila mwanzo wa saa, kisha mzime kulinda chaji. Nakala ya karatasi ibaki kwa mgonjwa, ikiwa na majina ya waliotumwa, njia waliyopita na saa waliyoondoka.