Barua kwa mwanangu: kwa nini Hahn hakunyamaza

Mwanangu Neema,

Hatujambo hapa nyumbani. Unasema kwenye semina ya walimu mmefundishwa habari za Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyempinga Hitler, nawe ukabaki unajiuliza: mtu mwenye shule nzuri na watoto wanaomtegemea, kwa nini asinyamaze tu ili ainusuru?

Hahn alikuwa Myahudi wa Berlin, mzaliwa wa 1886. Alikuwa katibu wa Prince Max von Baden, kansela wa mwisho wa Ujerumani ya kifalme, na mwaka 1920 wakaanzisha shule ya Salem ndani ya kasri la huyo mkubwa, karibu na ziwa Bodensee, kusini mwa Ujerumani. Watoto walisoma, wakakimbia, wakafanya kazi za mikono. Ila kilichonivutia mimi ni kidaftari. Kila mwanafunzi alikuwa na orodha ya mambo ya kutimiza kila siku, na alijiwekea alama mwenyewe. Mwalimu hakukagua. Mtoto aliaminiwa kusema kweli, basi.

Sasa, Agosti 1932, katika kijiji cha Potempa, askari mgambo wa Hitler walivamia nyumba usiku wakamuua kibarua mmoja mbele ya mama yake. Mahakama iliwahukumu kifo wauaji watano. Hitler akawapelekea telegramu ya kuwaunga mkono! Hahn akawaandikia waliopitia Salem: aliye katika vikosi vya Hitler na achague, avunje uhusiano na Hitler au avunje na Salem.

Umeona? Angewezaje kumwachia mtoto wa miaka 12 ajisimamie katika ukweli, huku yeye mkuu wa shule akijifanya hajasikia? Angenyamaza, kasri lingebaki na kengele ingelia, lakini kidaftari kile kingekuwa mchezo wa kuigiza.

Gharama aliilipa. Machi 1933 alikamatwa. Akaachiwa baada ya waziri mkuu wa Uingereza, Ramsay MacDonald, kumwombea, na Julai akahamia huko. Salem iliendelea bila yeye. Wapo waliobaki kuwalea watoto wale chini ya utawala ule, nami siwezi kuwalaumu.

Mwaka 1934 alifungua Gordonstoun, kule Scotland, ambako wanafunzi walifundishwa kulinda pwani na kuokoa watu. (Maji baridi ya alfajiri yalikuwa sehemu ya malezi, hapo ungenisikia nikilalamika.) Na ingawa alitaka watoto wa wakubwa wasijione wakubwa, shule hizo leo ada yake hailipiki na mtu wa kawaida. Hilo ni doa, usilifunike mbele ya wenzako.

Mwaka 1941 akasaidia kuanzisha Outward Bound, shule ya kuwajenga vijana kwa safari za baharini na milimani, huko Wales, na tawi lake likaja kufika Loitokitok, chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya. Chuo cha Atlantic, alichokiasisi mwaka 1962, ndicho chanzo cha UWC (United World Colleges), mtandao wa shule za kimataifa, wenye shule hapo Moshi na Arusha. Kwa hiyo ukitaka kuona mawazo yake yakitumika, huna haja ya viza. Waombe tu wakukaribishe siku moja, kisha uniandikie ulichokiona.

Msalimie baba watoto.

Mama yako