Palki haikuwa ya wafalme peke yao
Ndugu, umeuliza kama palki, ile machela ya India yenye kibanda na mapazia, ilibeba wafalme tu. La hasha, ilibeba pia maharusi na wagonjwa, na watumishi wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki waliipenda kiasi kwamba mwaka 1758 wakurugenzi waliwakataza makarani wadogo kuinunua. Wanaostahili kukumbukwa zaidi ni wachukuzi wenyewe, ambao mwaka 1827 waligoma mjini Calcutta kupinga leseni, beji na viwango vya nauli walivyowekewa na serikali. Reli, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1853 kati ya Bombay na Thane, ndiyo iliyoiondoa polepole katika safari ndefu, ingawa bado huonekana kwenye harusi na misafara ya ibada.