Kabla ya Kugawa Ndoo, Kaeni na Mzoa Taka

Mtaa wetu uko kwenye mteremko unaoshuka kuelekea Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, mahali ambapo gari la taka haliingii hata wakati wa kiangazi. Taka zetu huzolewa kwa mkokoteni na kikundi cha vijana kinachotambuliwa na ofisi ya serikali ya mtaa, na kila kaya hulipa ada ya mwezi. Kwa miaka minne nimekuwa mmoja wa wakazi wanaosimamia utenganishaji wa taka na utengenezaji wa mboji, yaani mbolea ya taka za jikoni na majani yaliyooza, hapa, na kwa kuwa wenzetu wa mitaa ya jirani hutuuliza mara kwa mara waanzie wapi, nitaeleza tuliyoyapitia, hasa yale tuliyoyakosea.

Tulianza na ndoo. Tulichangishana fedha, tukanunua ndoo tatu za rangi tatu kwa kila kaya kati ya kaya 40 za mwanzo, tukaitisha mkutano na kueleza kipi kiende wapi, na watu wakaelewa upesi kuliko tulivyotarajia. Wiki ya tatu jirani yangu, mama wa makamo anayepika maandazi ya kuuza, aliniita mlangoni kwake asubuhi na mapema: "Mwanangu, njoo uone kazi yako." Kijana wa mkokoteni alikuwa anamimina ndoo zake zote tatu, moja baada ya nyingine, ndani ya kiroba kimoja. Nilipomuuliza alinijibu bila ukali wowote, "Dada, hata nikizitenga, kule chini kontena ni moja." Alisema kweli. Mwezi uliofuata nilipopita nyumba kwa nyumba nilizikuta ndoo zetu zikitumika kulowekea nguo na kuhifadhia maji, na ile nyekundu ya mama wa maandazi ilikuwa imejaa unga wa ngano.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza hauhusu ndoo hata kidogo. Kabla hamjamwomba mkazi yeyote atenganishe chochote, hakikisheni kwamba kila aina ya taka ina mtu wa kuipokea na mahali pa kwenda, kisha kaeni na wazoa taka na kuwauliza kazi yao inakwendaje: wanalipwa kwa mwezi au kwa safari, wanatupa wapi, na wanauza nini njiani. Sisi tulipowauliza tuligundua kwamba tayari walikuwa wanachambua chupa za plastiki na makopo kwa mikono mitupu ndani ya uchafu wa jikoni, wakiviuza kwa kilo. Tukakubaliana kwamba vitu hivyo vibaki kuwa mali yao, mtaa usidai hata senti. Tangu siku hiyo utenganishaji ukawa na faida kwao, kwa sababu chupa kavu isiyopakwa mchuzi huuzika kwa urahisi kuliko iliyotolewa kwenye kiroba kinachovuja.

Jambo la pili tulilobadilisha ni kutenga siku badala ya kutenga rangi. Jumatatu na Alhamisi mkokoteni hubeba taka za jikoni peke yake, na Jumamosi hubeba vingine vyote. Kijana hawezi kuchanganya kitu ambacho siku hiyo hakijatolewa nje, na mkazi hahitaji zaidi ya ndoo moja yenye mfuniko pamoja na kiroba cha kawaida. Mfuniko si wa hiari, kwa maana kunguru wa jiji hili hawasubiri mwaliko. Angalieni pia maneno mnayoyatumia. Tulipotangaza "taka zinazooza", mzee mmoja alituuliza kama gazeti na kipande cha ubao haviozi, na alikuwa na haki ya kuuliza. Tuliposema "taka za jikoni na majani ya uani", maswali yaliisha.

Wapo watakaouliza kwa nini msumbuke na maganda ya ndizi wakati plastiki ndiyo inayoziba mifereji. Ukweli ni kwamba zaidi ya nusu ya taka za majumbani mwetu ni za jikoni, nazo ndizo nzito, ndizo zinazonuka na ndizo zinazoharibu vitu ambavyo vingeuzwa. Zikifukiwa kwenye dampo la Pugu Kinyamwezi pasipo hewa, hutoa gesi ya methani, ambayo huongeza joto la dunia na huweza kushika moto. Aidha, kusukuma dampo mbali na makazi hakumalizi tatizo: mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda mahakamani kupinga taka za jiji kutupwa karibu na nyumba zao, wakashinda, lakini taka zenyewe hazikupungua, zilitafutiwa tu jirani mwingine.

Sasa nije kwenye mboji, ambayo wengi huiogopa bure. Tulipewa pembe ya kiwanja iliyokuwa imejaa magugu, tukajenga kibanda cha nguzo nne na bati. Msianze bila bati. Masika ya kwanza sisi tulikuwa na turubai tu, mvua ikapenya, na lundo lote likageuka tope jeusi lenye harufu ya yai viza, mpaka majirani wakataka kutufukuza. Lundo likilowa kupita kiasi hukosa hewa, na vijidudu vinavyoozesha bila hewa ndivyo vyenye kunuka. Tuliliokoa kwa kulitandaza lote siku yenye jua, kulichanganya na maranda kutoka kwa fundi seremala, kisha kulijenga upya.

Maranda hayo, pamoja na majani makavu, ndiyo siri yenyewe ikiwa ipo. Kwa kila ndoo moja ya maganda na masalia ya mboga sisi huweka ndoo mbili za vitu vikavu, na lundo tunalianzisha likiwa na urefu, upana na kimo cha angalau mita moja, kwa sababu dogo zaidi ya hapo haliwezi kutunza joto. Machicha ya nazi, ambayo mitaa yetu inayo tele, hupandisha joto haraka, lakini yatawanyeni, maana yakikaa bonge moja huvunda na kuvuta nzi. Mifupa, matumbo ya samaki na mafuta ya kukaangia tunavikataa kwa sababu huvuta panya. Makumbi ya nazi na vifuu tunavitenga pia, kwa kuwa huchukua muda mrefu mno kuoza.

Kupima unyevu hakuhitaji kifaa. Chukua konzi moja kutoka katikati ya lundo uikamue: yakitoka matone mawili matatu, ni sawa, yakichuruzika, ongeza maranda, ikimomonyoka kama vumbi, nyunyiza maji. Kwa joto, tunachomeka kipande cha nondo hadi katikati na kukiacha kwa dakika kumi. Kikitoka cha moto kiasi kwamba huwezi kuendelea kukishika, lundo limefika nyuzi 55 au zaidi, na joto hilo likidumu siku kadhaa huku mkipindua ili vya pembeni viingie katikati, mbegu za nyanya na vimelea vingi vya magonjwa hufa. Sisi hupindua kila wiki kwa mwezi wa kwanza, baadaye mara moja kwa wiki mbili, na kwa kawaida mboji huwa tayari baada ya miezi mitatu. Tunaichekecha kwa wavu wa kuku, na kabla ya kumpa mtu yeyote tunapanda mchicha kwenye kopo lenye mboji iliyochanganywa na udongo. Ukiota vizuri na kubaki kijani, tunafunga viroba.

Msiwaahidi watu utajiri. Mboji yetu hununuliwa na wakulima wa mchicha wa bondeni na wenye vitalu vya maua, lakini fedha hiyo hutosha kununua glavu, buti na mabeleshi tu. Ujira wa vijana hutoka kwenye ada ya mwezi, na kaya isipolipa, hakuna mboji itakayoziba pengo hilo.

Bado kuna jambo lililotushinda. Pampas za watoto haziozi, hazinunuliwi, na kila Jumamosi hujaza karibu nusu ya mkokoteni. Hizo bado zinakwenda Pugu Kinyamwezi.