Kumwomboleza Aliye Hai: Mzigo wa Moyo kwa Anayemuuguza Mgonjwa wa Dimensia

Tangu nianze kumuuguza mama yangu mwenye dimensia, yaani hali ya kumbukumbu na fahamu kufifia, wengi huniuliza kuhusu kazi za mikono: nani anamwogesha, nani anamlisha, na usiku inakuwaje. Kazi hizo ni nzito, lakini mtu huzizoea. Kisichozoeleka ni kumpoteza mtu kidogokidogo ilhali bado ameketi mbele yako, anazungumza, pengine hata anacheka, kisha anakuuliza wewe ni nani. Mtaalamu wa familia wa Marekani, Pauline Boss, alianza kuichambua hali ya namna hii katika miaka ya 1970, akaeleza kuwa mpendwa anaweza kuwepo kwa mwili na kutokuwepo kwa fahamu, na kwamba majonzi yake ni magumu kwa sababu hayana mwisho unaojulikana. Kwa hiyo, ukijikuta unalia ilhali hakuna aliyefariki, usidhani kwamba unamchuria mgonjwa wako. Unaomboleza jambo ambalo limekwisha kutokea.

Majonzi hayo mara nyingi hujitokeza kwa sura ya hasira, hasa swali lilelile linaporudiwa asubuhi nzima. Katika ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo cha visa vingi vya dimensia, sehemu ya ubongo inayohifadhi matukio mapya huathirika mapema, hivyo jibu ulilotoa sasa hivi halikuhifadhiwa, na kwake yeye swali ni jipya kabisa. Kulijua hilo hakuondoi uchovu, ila kunaondoa ile dhana chungu kwamba anakufanyia kusudi. Mama anapomtafuta mama yake aliyefariki zamani, simwambii kwamba amekufa, kwa maana angeupokea msiba huo upya kila mara. Humwomba anisimulie habari zake, naye hutulia. Wapo watakaouita huo uongo. Mimi siuoni hivyo. Akibadilika ghafla, kwa saa au siku chache tu, hilo ni suala la daktari, kwa kuwa hata maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kumvuruga akili mzee.

Kuna wazo ambalo wauguzaji wengi hulificha: kutamani yote haya yaishe. Wazo hilo huleta hatia kubwa, na hatia hukua mtu anapokaa nayo peke yake. Litamke mbele ya mtu anayeuguza kama wewe, kwa sababu hatashtuka.

Ndugu nao wana uchungu wao wa kukutia. Mgonjwa huweza kujikaza mbele ya wageni, nao wakaondoka wakisema kwamba yu mzima, wewe tu ndiwe unayekuza mambo. Usibishane nao. Waombe jambo mahususi, kwa mfano mmoja wao aje kumwangalia mgonjwa kila Jumamosi usiku, maana ombi la jumla la msaada hujibiwa kwa ahadi za jumla, ilhali usiku mmoja huondoa ubishi wote. Na ikiwa kwa wiki mbili au zaidi umekosa usingizi hata anapolala, chakula hakikupiti na hakuna kinachokufurahisha, muone daktari kwa ajili yako mwenyewe. Ukipata mawazo ya kujidhuru au ya kumdhuru mgonjwa, tafuta msaada siku hiyohiyo, na mtu mwingine akae naye.