Nina eksirei ya taya, kwa nini nipigwe picha nyingine?

SWALI: Nina umri wa miaka 52. Gego langu la chini liling'olewa miaka sita iliyopita, na sasa nimeweka akiba ili nipandikizwe jino. Eksirei ya taya zima ninayo, lakini daktari amesema hataanza kazi mpaka nipigwe picha ya kompyuta ya pande tatu, ambayo ni ghali. Je, ni ya lazima, au naongezewa gharama tu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Mpendwa msomaji, kwa gego la chini, mimi pia ningeitaka picha hiyo. Ndani ya taya la chini, chini ya mizizi ya magego, hupita mfereji wenye neva inayoupa mdomo wa chini na kidevu hisia zake. Neva hiyo ikijeruhiwa, mgonjwa anaweza kukaa na ganzi kwa miezi, na wengine haiwaondoki kabisa. Ndiyo maana huachwa angalau milimita 2 kati ya ncha ya kipandikizi, yaani skrubu inayopachikwa mfupani ili ibebe jino, na mfereji. Eksirei uliyo nayo hukuza vitu, mara nyingi kwa asilimia 20 hadi 30, tena si kwa kiasi kimoja kila mahali, hivyo mfupa unaoonekana kuwa na kina cha milimita 12 huenda una 9 au 10 tu.

Isitoshe, eksirei hiyo haionyeshi unene wa mfupa kutoka shavuni hadi upande wa ulimi. Jino likishang'olewa mfupa husinyaa, hasa upande wa shavu, na baada ya miaka sita ufizi unaweza kuonekana umejaa ilhali mfupa ulio chini yake ni mwembamba. Upande wa ulimi taya huwa na bonde. Keekee ya kutobolea mfupa ikitokeza hapo inaweza kukata mshipa wa damu, na uvimbe chini ya ulimi ukaziba njia ya hewa. Ni jambo la nadra, lakini si la kubahatisha.

Picha ya pande tatu huonyesha yote hayo. Mashine yake huzunguka kichwa kwa muda usiofika dakika moja, nawe hutakiwi kutikisika. Mionzi ya picha hiyo kwa kawaida huzidi ile ya eksirei yako, kwa hiyo ni haki yako kuomba lipigwe eneo linalohitajika tu.

Kisha daktari huunganisha picha hiyo na umbo la meno na ufizi wako. Akifanya vyema, huanza na jino utakalotafunia, ndipo achague urefu, unene na mwinamo wa skrubu ya titani itakayolibeba. Mpango huo unaweza kutengenezewa kielekezi cha plastiki chenye tundu la kuongozea keekee. Hata hivyo, kipandikizi bado huweza kukengeuka kwa milimita moja au zaidi, na hapo ndipo zile milimita 2 zinapofanya kazi yake.

Kabla ya kulipia upasuaji, mwombe daktari akuonyeshe mfereji huo kwenye kompyuta na apime umbali mbele yako. Omba pia nakala ya faili zima, si karatasi iliyochapishwa tu, ili ukihamia kwa daktari mwingine asilazimike kukupiga picha upya.