GB moja, sekunde 40

Swali la wiki hii mmeuliza: 5G, ule mtandao wa simu wa kizazi cha tano, inakusaidia nini, na upo tayari kuongeza hela ili upate spidi kubwa zaidi? Jibu langu ni kwamba kwa simu ya mkononi mi siongezi hata mia, ila kwa ruta ya dukani nimeshaongeza na sijutii, na haya ni mambo mawili tofauti kabisa ingawa matangazo yanayaweka kwenye kapu moja.

Mi nina steshenari huku Gongo la Mboto. Kutoa kopi, kuprinti, kuomba mkopo wa chuo, maombi ya ajira, kutoa kontrol namba, vyote vinapita mezani kwangu, kwahiyo bando za watu naziona zinavyoliwa kuliko hata wenyewe wanavyoziona, maana mteja anakuja na cheti chake kipo kwenye simu anataka anitumie WhatsApp halafu anagundua bando limekata na alijiunga asubuhi.

Tuanze na hesabu. Bando la simu kwa kawaida tunauziwa kwa ujazo na linakuja na muda wake, masaa 24, wiki, mwezi, muda ukifika kilichobaki kinaondoka nacho. Sasa GB moja ni kama megabiti 8,000 hivi, mtandao ukikimbia Mbps 200, yaani megabiti 200 kwa sekunde, gawa hapo, unapata sekunde 40. Yaani kitu ulichonunua kikutoe wiki kinaweza kuisha kabla hujamaliza kupiga mswaki. Najua hakuna anayeivuta GB mfululizo namna hiyo lakini kuna dogo mmoja hapa jirani kanunua simu inayokamata 5G, basi siku hiyo kila anayeingia anamwita aje aone, anafungua ile app ya kupima spidi, mshale unapanda, watu wanashangaa, anafuta anapima tena. Kile kipimo chenyewe kinapima kwa kushusha data halisi, kwa spidi ile sekunde kumi tu zinakula zaidi ya MB 200. Bando la wiki lilikata kabla ya chai ya saa nne na hakuna alichokifanya zaidi ya kupima, akaja kuniomba hotspoti.

Kwa mtu wa kawaida hasara inakuja kimyakimya zaidi ya hapo. Video haziulizi, zikiona mtandao mzuri zinajipandisha ubora zenyewe. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba picha ya kawaida inakula kama GB moja kwa saa na ile ya HD inafika GB tatu, kwenye kioo cha simu cha inchi sita sijui nani anaona hiyo tofauti ila bando linaiona. Na TikTok inashusha video zinazofuata kabla hujazifikia, ukizipita bila kuziangalia umeshazilipia. Ndio maana wateja wangu wakilalamika kwamba bando siku hizi linaisha haraka kuliko zamani na kwamba "wanatuibia", mi huwa nawaambia kuibiwa sijui, lakini hebu leta hiyo simu, naingia kwenye mipangilio, nawasha kibana data, naweka ubora wa video 480, naiambia ishie 4G. Wengi hawarudi tena kulalamika. Mmoja alirudi akasema picha zimekuwa mbaya, nikamrudishia kama ilivyokuwa, hela ni yake.

Halafu kuna hili la matumizi. Huduma inayoendesha huu mtaa ni pesa ya simu, na ile menyu ya nyota na reli inafanya kazi hata kwenye kitochi chenye mtandao wa 2G, muuza nyanya anapokea hela yake bila MB hata moja. Kwenye maombi ya vyuo na ajira nako kinachochelewesha mara nyingi si mtandao wa simu. Siku ya mwisho ya maombi watu wamejaa hadi nje, spidi yangu ipo vizuri, mfumo wa upande wa pili ndio unazunguka, unazunguka, unakurudisha mwanzo uanze kujaza upya. Hapo uwe na 5G au 4G mnasubiri wote. Na Mei 2024 zile nyaya za baharini zinazotuletea intaneti, EASSy na Seacom, zilipokatika, nchi nzima tulikaa tunaangalia simu, minara ya 5G ilikuwepo palepale ilipo.

Nisiseme haina kazi, ningekuwa muongo. Tatizo ni kwamba kazi yake kubwa haipo kule wanakoitangaza. Faida ya 5G ni kubeba watu wengi kwa wakati mmoja. Nenda Mkapa siku ya dabi, uwanja umejaa watu elfu sitini kila mtu anataka kurusha bao la timu yake, 4G pale inakuwa ipo kwenye kioo tu. Kariakoo hivyohivyo, wale wanaouza nguo kwa laivu kuanzia asubuhi hadi jioni, hao wanaihitaji kweli, wao wanatuma data kwenda juu na wanaingiza hela kwa hiyo data. Mtu anayeangalia stetasi za watu akiwa kitandani haihitaji. Tena humu ndani ya fremu yangu ukuta wa tofali na geti la chuma, 5G ipo barabarani, ukiingia mpaka kwenye mashine ya kopi imeshashuka 4G, kwa sababu mawimbi yake ya masafa ya juu hayapendi kuta na hayafiki mbali.

Sasa ruta. Pale unalipia spidi kwa mwezi, huhesabiwi GB, na ndipo spidi inapokuwa na maana maana ikiongezeka unafanya kazi nyingi zaidi kwa hela ileile. Tumechanga watatu, mimi, fundi simu na dada wa saluni, nikaitoa ile ruta ndani nikaiweka dirishani juu inakoangalia mnara, waya ukapita chini ya dari. Fundi anashusha mafaili ya kuflashi simu ambayo ni makubwa balaa, mi naskani na kupakia, saluni wanacheza muziki. Kidogo tu kinachoniudhi, kwenye tangazo imeandikwa bila kikomo ila ukizidisha kiasi fulani wanakushushia spidi, na hicho kiasi kimeandikwa kwa maandishi ambayo hata kwa miwani ya dukani kwangu huyasomi.

Upande wa mitandao nao tuwatendee haki kidogo. Vodacom walipowasha 5G ya kwanza nchini Septemba 2022 na wengine wakafuata, masafa hawakupewa bure, mnada wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, Oktoba mwaka ule uliingiza zaidi ya dola milioni 180. Kwenye kila bando kuna VAT asilimia 18 na ushuru wa bidhaa juu yake. Hizo hela zitarudishwa na sisi, hakuna mjomba wa kuzilipa. Lakini hawa hawa ndio Aprili 2021 walikuja na vifurushi vipya, watu wakakuta buku lao linanunua kiduchu, kelele zikapigwa siku hiyohiyo mpaka TCRA ikaagiza bei za zamani zirudi. Kwahiyo wanajua kabisa Mtanzania anaumia wapi, anaumia kwenye MB anazopata kwa buku, hajawahi kuandamana mtandaoni kudai Mbps.

Mnaniuliza ningelipia nini? Bando lisiloisha muda wake, hata kama GB yake ina bei juu kidogo. Vipo vya namna hiyo ila bei yake kwa sasa imekaa kama adhabu. Na kingine, waweke kwenye menyu bando la simu linalouzwa kwa spidi kama ruta, Mbps tatu au tano tu, siku nzima, buku au buku jero, usihesabiwe. Mbps tano zinatosha video nzuri tu kwenye simu. Mkiwapata watu wa mitandao kwenye mahojiano naomba muwaulize hilo moja, kwanini ruta inawezekana na laini haiwezekani, halafu mtuchapishie jibu lao lote bila kulifupisha.